Magoti ya Ndovu wa Mjomba

Sijui mtu mwingine aliyechonga kucha nyingi za ndovu kama mimi. Sijisifu. Ndiyo kazi niliyopewa nilipotoka kwa mama yangu Kaloleni, mwaka niliomaliza darasa la nane, nikaja kukaa na mjomba wangu mtaa wa Lucky Summer, Nairobi. Mjomba alichonga ndovu. Mkewe, ambaye namwita Anti, alimpiga msasa na kumpaka nta. Katikati yao nilikaa mimi na patasi ndogo, namtia kucha. Kucha tano kila mguu. Ndovu mmoja kucha ishirini, halafu analetwa mwingine.

Karakana yetu ni mabati yaliyoegemezwa kwenye ukuta wa ploti. Chini yake hukaa wachongaji watatu, na kila mmoja ana mnyama wake. Aliye mlangoni ni wa twiga. Aliye karibu na bomba la maji ni wa kifaru. Mjomba ni wa ndovu. Hakuna anayegusa mnyama wa mwenzake. Mtu akija kumwuliza mtu wa twiga kuhusu ndovu, yeye huita tu, "Mzee, mgeni wako huyu!" kisha anaendelea na shingo zake. Mnyama hujichagulii. Unapewa na aliyekufundisha, siku atakayoona umefika. Kabla ya hapo huna mnyama. Mimi nilikuwa na kucha.

Nilitaka mnyama. Sikuwa nimemwambia mtu, kwa sababu mimi maneno huyaweka kichwani mpaka yanachacha, lakini Anti aliyaona bila kuambiwa. Siku moja aliacha msasa akamwuliza Mjomba, nikiwa hapo hapo:

"Huyu kijana utampa mnyama lini? Ama atazeeka na kucha, kama wale vijana wa kupaka wanawake rangi ya kucha mtaani?"

"Ana haraka ya nini?" Mjomba alisema bila kuinua uso. "Ndovu mwenyewe mimba yake ni karibu miaka miwili."

"Huyu yuko hapa mwaka wa nne. Ndovu angekuwa amezaa mara mbili."

Mtu wa twiga alicheka mpaka akaweka tezo chini. Mimi niliinamia kucha zangu.

Ndovu wote wa Mjomba walitoka kwa ndovu mmoja. Alikaa kwenye rafu juu ya redio, mweusi, amelainika kwa kushikwashikwa. Alichongwa na baba yake Mjomba huko Machakos, kabla familia haijahamia Nairobi. Mjomba akiingiwa na shaka kuhusu sikio au mkonga, humshusha, humpima kwa kidole gumba na kidole cha shahada, kisha humrudisha. Hatukuwa na ndovu mwingine wa kutazama. Ndiyo, nasema wazi: katika familia yetu, ambayo imechonga ndovu tangu zamani hizo, hakuna aliyewahi kumwona ndovu mwenye pumzi. Wageni walipomwuliza Mjomba kama amewahi kuwaona, alijibu, "Nimeona maelfu." Hakusema uongo. Aliwachonga mwenyewe.

Sasa, kwenye ploti yetu kuna jirani ambaye ni dereva wa gari la watalii. Mvua za masika zilipoanza, wageni wakapungua, akawa anashinda karakanani kwetu akinywa chai ya Anti. Siku moja alimchukua ndovu niliyekuwa nimetoka kumtia kucha, akamgeuza huku na huku.

"Mzee, huyu ni kazi safi. Lakini wa kule wanatembea tofauti kidogo."

"Tofauti vipi?" Mjomba aliuliza.

"Sijui kueleza. Mimi ni dereva, kazi yangu kuangalia barabara."

"Basi angalia barabara."

"Nimesema kidogo tu, Mzee. Usikasirike."

Lakini Mjomba alikuwa amekwisha kusimama, vumbi la mbao likimdondoka magotini. "Sikilizeni nyote. Mtu akinionyesha kosa moja kwa ndovu huyu, moja tu, nitampa ndovu wangu awe wake. Na mimi nitakaa pale" — akaonyesha kigoda changu kifupi — "nichonge vijiko."

Vijiko ndiyo kazi ya mwisho kabisa karakanani. Hata kucha ziko juu ya vijiko.

"Mmesikia?" Anti aliuliza.

"Tumesikia," alisema mtu wa twiga. Mtu wa kifaru alinyoosha mkono kama shahidi mahakamani.

Dereva aliweka kikombe chini. Alisema tajiri wake humruhusu mara moja kwa mwaka, wakati hakuna wageni, kuchukua gari na mahema akawatembeze watu wake. Mwaka huu hakuwa na mtu wa kumpeleka. "Wiki ijayo twendeni mkalale mbugani siku mbili. Mzee akawaamkue watoto wake."

Anti alikubali kabla Mjomba hajafungua mdomo.

Nilielewa vizuri jambo lililokuwa mbele yangu. Kama kosa lilikuwepo, na mimi nikaliona na kulionyesha, ningepata mnyama. Tena si mnyama yeyote, ndovu mwenyewe. Na Mjomba, ambaye nimekula ugali wake miaka minne, angekuwa mtu wa vijiko kwa ajili yangu. Wiki ile nzima niliomba ndovu wa mbugani wawe sawasawa na wetu. Kisha niliomba wasiwe. Nadhani Mungu aliniacha nimalize kwanza.

Siku ya kuondoka, Anti alipakia jiko, makaa, sufuria mbili, unga, na chapati zilizofungwa kwa kitambaa, nyingi kama tunaenda kuposa. Mjomba alikuja na mfuko mmoja mdogo. Dereva aliufungua akatoa makufuli mawili, mapya, ya kufanana, kutoka soko la Gikomba.

"Mzee, haya ni ya nini?"

"Ya milango ya mahema."

"Hema halina mlango. Lina zipu."

"Na zipu haina vitundu pale pa kuvutia?"

Dereva alifikiri. "Vipo. Lakini Mzee, simba hawezi kufungua zipu."

"Nani ametaja simba? Mimi nasema watu."

"Kule hakuna watu."

"Sisi tunaenda kule," Mjomba alisema. "Sisi si watu?"

Dereva alirudisha makufuli kwenye mfuko akawasha gari.

Tulisafiri karibu nusu siku. Baada ya lango la mbuga dereva alifungua paa la gari, akabadilisha sauti, akaanza kunong'ona kama yuko kanisani. Nadhani ni mazoea ya kutembeza wageni. Anti hakunong'ona. Kila mnyama aliyemwona alimpungia mkono na kumsalimu, "Hamjambo huko!" Pundamilia walitutazama wakaendelea kula. Ngiri alipokimbia mkia juu, Anti alisema yule amebeba antena yake mwenyewe, ndiyo maana hahitaji kupanda juu ya nyumba kutafuta stesheni. Alimcheka mpaka akapaliwa.

Mjomba alikuwa kazini. Alisimama na kichwa nje ya paa, akawa anakagua wanyama wa wenzake. Twiga wa kwanza alipotokea alimtazama kwa muda mrefu, uso ukajaa furaha.

"Unaona? Jamaa wetu anakosea pembe. Anaziweka kama kijiti cha kiberiti. Nitamwambia."

"Mwambie polepole," Anti alisema.

"Na mkia. Mkia wake una manyoya mengi kuliko hivyo. Aa, jamaa huyu! Miaka yote hii!" Alisugua viganja. Sikuwahi kumwona Mjomba akifurahi vile.

Mchana tulifika kwenye ardhi yenye maji na nyasi ndefu, na hapo walikuwepo.

Sitaweza kueleza ukubwa wao, kwa hiyo sitajaribu. Nitasema tu kwamba wale niliowajua walikuwa wanatosha mapajani. Hata Anti alisahau kuwasalimu. Walikuwa wengi, wameingia kwenye nyasi mpaka tumboni, masikio yanapepea, na kila kitu kutoka tumbo kwenda juu kilikuwa sawa na kazi ya Mjomba. Masikio ni yale. Mkonga ni ule. Mgongo unaoshuka kisha kupanda ni ule ule ambao nimemwona akiukata kwa tezo bila kupima. Nilitazama juu nikaona shingo ya Mjomba imenyooka kwa fahari. Alistahili. Mtu ambaye hajawahi kuona kitu, na ameweza kukichonga hivyo!

Kisha ndovu mmoja jike alitoka kwenye nyasi, akavuka barabara mbele ya gari letu, akatugeuzia nyuma.

Niliona mara moja. Yeyote aliyeshika miguu ile kila siku kwa miaka minne angeona. Ndovu wetu mguu wake wa nyuma hukunjika kuelekea nyuma, kama wa ng'ombe. Wa yule jike ulikunjika kuelekea mbele. Goti lake lilikuwa chini, mahali pa goti la mtu, na ngozi imelegea juu yake kama suruali pana. Alitembea kama mzee anayepanda ngazi. Hapo nikaelewa yote. Baba yake Mjomba alikuwa na ng'ombe huko Machakos. Hakuwa na ndovu.

Kisha sauti ya Mjomba ikashuka kutoka paani:

"Huyo ni mgonjwa."

Ndovu wa pili alitoka nyasini, akavuka.

"Huyo ni ndugu yake," Mjomba alisema. "Ni ugonjwa wa familia."

"Na yule mdogo?" Anti aliuliza.

"Amerithi."

"Na wale kumi na moja wanaokuja nyuma?"

Mjomba alishuka, akakaa kwenye kiti chake na kufunga mkanda, ingawa gari lilikuwa limesimama. "Dereva, twende. Jua linachoma."

Jua lilikuwa limefunikwa na mawingu tangu asubuhi. Dereva alinitazama kwenye kioo. Anti naye aligeuka mzima mzima.

"Na wewe fundi wa kucha? Wewe umeona nini?"

Maneno yalikuja mpaka kwenye meno. Yalikuwa machache, ningeyamaliza kwa pumzi moja, na ndovu angekuwa wangu kabla hatujafika kambini. Mjomba alikuwa anatazama nje upande wa pili, lakini sikio lake lilikuwa kwangu, na lilikuwa limebadilika rangi.

"Nyasi ni ndefu," nilisema.

Anti alifyonza. Njia iliyobaki hakunisemesha.

Kambi ilikuwa uwanja chini ya migunga, na bomba la maji, choo, na mlinzi mmoja aliyekuja kutusalimu. Alituambia ndovu hupenda kupita hapo alfajiri wakienda majini. "Mkiwasikia, kaeni ndani. Msipige kelele, msitoke. Hawana ubaya na hema, bora hema lisiwe na ubaya nao."

Tulisimamisha mahema mawili. Anti alichukua moja, mimi na Mjomba lingine, na dereva alisema yeye hulala garini. Anti alitupikia, tukala, na hakuna aliyezungumza habari ya miguu. Wakati wa kulala Mjomba alitoa makufuli yake. Alimkabidhi Anti moja na ufunguo wake, kwa heshima, kama anamkabidhi nyumba. Kisha aliingia kwetu, akafunga zipu, akapitisha kufuli kwenye vitundu vyake, akabonyeza, akaweka ufunguo chini ya mto.

"Sasa hivi tutalala kama watu," alisema.

Kulipokuwa kunaanza kupambazuka niliamshwa na sauti ya mtu anayeburuta gunia. Baadaye kidogo kitu kilikatika kwa nguvu, kra! kama mtu anayevunja mlango. Mjomba alikuwa amekwisha kukaa.

"Mwizi," alinong'ona. "Si nilisema?"

Alitoa ufunguo, akauingiza kwenye kufuli. Haukuzunguka. Aliutoa, akaupuliza, akaujaribu tena. Aliugeuza juu chini. Hapo akauacha, na mimi nilijua anachofikiri kwa sababu nami nilikuwa nafikiri hilo hilo: makufuli mawili ya kufanana, funguo mbili za kufanana, na sisi tulikuwa na ufunguo wa Anti.

Kilichokuwa nje kilinguruma. Haikuwa sauti ya koo. Ilitoka tumboni, nzito, kama lori lililosimama na injini inawaka. Mjomba aliniwekea kiganja mdomoni. Kati ya watu wote waliomo duniani, akaniziba mdomo mimi.

Upande mmoja wa hema kulikuwa na dirisha la wavu, chini, karibu na ardhi. Tulilala kifudifudi, bega kwa bega, tukachungulia. Hatukuona ndovu. Tuliona miguu. Dirisha lilikuwa fupi mno kuonyesha kitu kingine: hakukuwa na masikio wala mkonga, hakukuwa na kitu cha kumfariji Mjomba, ila miguu tu, mingi, ya kijivu, ikipita polepole juu ya majani yenye umande. Na kwa kuwa kufuli lilikataa, hatukuwa na mahali pa kwenda. Tulikaa hapo tukaitazama.

Mmoja alisimama karibu sana. Alikuwa anajisugua kwenye mti, na kila akijisugua alihamisha uzito, akakunja mguu wa nyuma, akaunyoosha, akaukunja tena. Goti mbele. Goti mbele. Kama amekodiwa kutuonyesha. Nilisikia pumzi ya Mjomba ikitoka taratibu mpaka ikaisha.

Kutoka hema la pili ilisikika sauti ndogo ya chuma, tik tik tik. Anti ameamka. Nyumbani yeye huamka kabla ya wote, hutoka na jiko lake na kuwasha moto wa chai, na ningeapa kwamba asubuhi ile alikuwa na jiko mkononi. Miguu yote iliyokuwa nje ilisimama. Tik tik. Kisha sauti ile ikanyamaza, na mimi nikashukuru kwa moyo wote mtu aliyetengeneza makufuli ya kufanana.

Miguu ilianza kutembea tena. Mjomba aliinua kichwa akasogea karibu zaidi na wavu. Aliweka mkono wake kwenye mkeka mbele yangu, vidole vitano vimenyooka. Akakunja kidole gumba. Akanitazama. Nilitazama mguu wa mbele, nikahesabu kucha zake, kubwa, bapa, safi kama zimeoshwa. Nne. Nikatikisa kichwa kukubali. Akakunja kingine, vikabaki vitatu, akaonyesha kwa kidevu mguu wa nyuma. Nikahesabu. Tatu. Nikakubali. Akainua kiganja, akakikunja kuelekea nyuma, kama mguu wa ng'ombe, kisha akakigeuza taratibu kikakunjika mbele, akanitazama tena. Macho yake yalikuwa mekundu, labda kwa usingizi.

Nikakubali.

Hayo ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote tuliyowahi kufanya, mimi na Mjomba, na hakuna aliyesema neno.

Miguu ya mwisho ilipopita, minne ya mtoto akikimbia kuwafuata wenzake, Mjomba alinong'ona, "Jana uliona."

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Na ukanyamaza."

Nilitikisa tena.

Alilala chali akatazama paa la hema. "Nyasi ni ndefu," alisema, kwa sauti yangu kabisa. Tumbo lake lilikuwa linatetemeka. Sikujua kama anacheka.

Dereva ndiye aliyetufungulia, tuseme hivyo. Alitoka garini akakuta mahema mawili yanatikisika na hakuna anayetoka.

"Mzee! Mwizi amekamatwa?"

"Acha mchezo. Chukua ufunguo huu umpelekee Mama."

"Na huu wangu umpelekee mfungaji!" Anti alipiga kelele kutoka kwake. "Nimefungiwa kama kuku wa Krismasi! Aiya! Mzee, ndovu wamenipitia hapa na mimi nashindana na kufuli!"

Dereva alipiga magoti kwenye hema moja, akavuta ufunguo kupitia upenyo wa zipu, akaenda kwenye jingine, akapiga magoti, akarudi. Alikuwa anacheka vibaya hivi kwamba ufunguo mmoja ulimdondoka kwenye nyasi, tukakaa ndani muda mwingine akiutafuta.

Tulipotoka, Anti alisimama mbele ya Mjomba, mikono kiunoni, na leso imefungwa kichwani.

"Haya. Mmeona nini huko?"

"Miguu," Mjomba alisema.

"Ya namna gani?"

"Mizuri." Akaenda kunawa uso.

Siku ile nzima hakutaja ahadi yake. Tulizunguka tena, tukaona viboko, tukaona simba amelala akionyesha tumbo kama mtu aliyeshiba pilau, na Mjomba hakukosoa mnyama wa mtu. Njiani kurudi alilala, au alifumba macho. Nilidhani ameimeza ahadi ile, na kusema kweli nilifarijika, ingawa kufarijika kwenyewe kulikuwa na ladha ya makaa. Nikajiambia kucha nne mbele na tatu nyuma ni maendeleo. Nitapunguziwa kucha sita kwa kila ndovu.

Jumatatu nilifika karakanani nikamkuta mtu amekaa kwenye kigoda changu. Alikuwa Mjomba. Magoti yake yalimfika kidevuni kwa sababu kigoda ni kifupi, na mkononi alikuwa na kipande cha mwarubaini alichokuwa akikiparura. Mtu wa twiga na mtu wa kifaru walikuwa wanafanya kazi kwa bidii isiyo ya kawaida, macho chini. Anti alikuwa ameuma leso.

Mahali pa Mjomba palikuwa na gogo jipya na tezo yake imelazwa juu.

"Kaa," aliniambia.

"Mjomba, si lazima. Ulisema tu wakati ule kwa sababu ya hasira." Nadhani hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia.

"Nilisema mbele ya watu. Kaa."

"Lakini mimi sikukuonyesha. Umeona mwenyewe."

"Uliona kabla yangu. Nani alisema lazima uonyeshe kwa mdomo? Wewe una mdomo?" Aliendelea kuparura. "Kaa, kijana. Na yule wa baba yangu pale juu, mtazame kichwa na mgongo tu. Miguu yake usiiguse. Mwache na miguu yake ya ng'ombe. Mzee alichonga alichokuwa nacho."

Nilikaa. Tezo ilikuwa na joto la mkono wake bado.

Ndovu wangu wa kwanza alinichukua siku tisa. Mjomba angechonga watano. Magoti ya nyuma niliyarudia mpaka Anti akaniuliza kama namchonga ndovu au namkanda. Alipompiga msasa alisema huyu amevaa suruali, kilichobaki ni kumtafutia viatu. Mjomba kwa siku hizo alimaliza vijiko viwili. Cha kwanza kilifanana na sepetu. Mtu wa twiga alikiomba akachote mchanga, na Mjomba akamwambia kwamba yeye na pembe zake za kiberiti wangojee, zamu yao inakuja.

Siku ya kumi alikuja mama mwenye duka la vinyago mjini, ambaye huchukua kazi zetu. Alimwinua ndovu wangu, akamgeuza, akakunja uso.

"Huyu ameharibika miguu. Nani amefanya hivi? Wageni watasema hatujui ndovu. Mimi nataka wale wetu wa siku zote."

Kila mtu alinitazama. Nilikuwa nayo majibu. Nilikuwa nayo yote, kwa mpangilio, kuanzia nyasini mpaka kwenye wavu wa hema. Yalijaa mdomoni na hakuna hata moja lililotoka.

Mjomba aliweka kijiko chake chini. Ilimchukua muda kusimama, kwa sababu ya kigoda.

"Mama," alisema, "wewe umewahi kulala chini ukamtazama ndovu miguuni?"

"Mimi? Nilale chini ya ndovu nina wazimu?"

"Mimi nimelala. Huyo ndivyo alivyo. Goti mbele kama lako na langu. Kucha nne hapa, tatu hapa. Hesabu."

"Na wale ulionipa miaka yote?"

"Wale walikuwa ng'ombe," Mjomba alisema. "Walikuwa ng'ombe wazuri sana."

Mama wa duka alihesabu, midomo ikitembea. Kisha alicheka, akamfunga ndovu wangu kwenye gazeti. Alisema atamchukua mmoja tu, ajaribu.

Alipoondoka, Mjomba alirudi kwenye kigoda akakishika kijiko. Nilitaka kumshukuru, na nilikuwa bado natafuta neno la kuanzia alipoanza yeye.

"Lakini lile goti la kushoto umelikunja kidogo mno."

"Alikuwa amesimama, Mjomba," nilisema. Ilitoka tu, hata sikuipanga. "Tulimwona wote wawili. Alikuwa ameliegemea la kulia."

Anti aliacha kusugua. Mjomba alinitazama, kisha akainamia kijiko chake.

"Nyasi zilikuwa ndefu," alisema.